Mwenge wa Mbele, Taa ya Nyuma

Kaltegg, 9 Januari

Mdogo wangu Vinzenz,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa kwetu wote tunapumua, Mungu ni mwema. Baba anakohoa asubuhi, lakini akishakunywa kahawa kikohozi kinamwogopa. Ng'ombe wawili wamezaa, theluji imefika kwenye dirisha la jikoni, na mimi nina mafua niliyoyapata kanisani siku ya Epifania, kwa hiyo nayahesabu kuwa mafua matakatifu. Huko Linz mnaendeleaje? Gudrun hajambo? Na Hemma wetu, bado anarefuka au ameshachoka kurefuka?

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu unajua simu yetu iko jikoni, na Baba anasikia kuliko anavyokiri.

Jambo lenyewe ni hili. Baba anaacha kushika mwenge wa mbele katika ule mteremko wetu wa usiku, kijiji kizima kikiteleza kwa mbao juu ya theluji. Amelisema mwenyewe Jumapili nje ya kanisa, watu wakiwa wametoka Misa. Nilikusimulia yaliyotokea mwaka jana. Alipofika kwenye banda la nyasi kavu, badala ya kukata kulia akaenda moja kwa moja, akapasua uzio wa Ignaz Unterrainer, na mstari mzima nyuma yake, kijiji kizima na mienge yao, mmoja baada ya mwingine hadi kwenye lundo la samadi. Hakuna aliyeuliza kitu. Tumelelewa kumfuata aliye mbele, basi wakamfuata. Mimi nilikuwa wa mwisho kabisa na taa yangu nyekundu, nikaona moto unazimika mmoja mmoja kule chini, nikadhani ni upepo. Baba mpaka leo anasema uzio ulikuwa umehama.

Sasa amewatangazia: "Mwaka huu mwenge anashika mtoto wangu." Ignaz akamuuliza, "Yule wa tramu?" Baba akamjibu, "Kwani unadhani tramu inaendeshwa na mbuzi?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikajisikia mrefu.

Utaratibu unaujua. Mbele anatangulia wa nyumba ya Kasbacher, kwa kuwa babu yetu ndiye aliyeshuka na mwenge wa kwanza. Nyuma yetu ni nyumba ya Unterrainer, kisha nyumba nyingine, kila moja na nafasi yake. Wa kwetu akikosekana, mwenge unahamia kwa Unterrainer na hauna kurudi. Mimi usinihesabu. Mimi ni wa nyuma tangu usichana wangu, kazi yangu ni kuokota walioanguka.

Ni Jumamosi ya likizo yenu ya Februari. Wakati wa Krismasi Gudrun aliniambia kwa simu mnafikiria kwenda kwenye mahoteli ya Silberkar. Sikushawishi. Milima yote ni ya Mungu. Nasema tu kwamba chumba cha juu nimeshakipaka chokaa.

Dada yako,
Burga

*

Linz, 17 Januari

Dada yangu Burga,

Milele na milele, amina. Pole na mafua matakatifu. Mimi nina mafua ya tramu, yale ya kawaida ya wenye dhambi. Gudrun mzima, anakusalimu. Hemma amenipita urefu mwezi uliopita, na kila tukipishana kwenye korido ananipigapiga kichwani kama mtoto.

Umenichekesha na samadi mpaka jirani akagonga ukuta. Baba ni Baba.

Kuhusu likizo, bado tunagombana. Gudrun alitandaza picha mezani ili tuchague kwa haki. Za Silberkar zimo kwenye kitabu kinachong'aa kama sahani ya harusi. Za Kaltegg ni ile kalenda uliyotutumia, yenye Baba na ndama. Hemma akaanza kuhubiri: "Silberkar kuna lifti za kupandia mlima, zenye viti vya joto. Kuna uwanja wa kuruka. Kuna muziki huko juu. Kwa Shangazi kuna lifti moja, na inalia kama ng'ombe anayezaa."

Nikamwambia, "Lifti ile babu yako aliijenga kwa mikono yake."

Akasema, "Inasikika."

Gudrun anataka bwawa la maji moto na chakula ambacho hajakipika yeye. Nimwambie nini? Anapika mwaka mzima. Mimi nitakwenda nitakakopelekwa.

Na huo mwenge, Dada, kwa kweli, ukienda kwa Ignaz kuna ubaya gani? Ignaz si mtu mbaya. Anakaa hapo hapo mwaka mzima, anaujua mteremko kuliko mimi ninayekuja kama mgeni. Fikirieni hilo. Msalimie Baba, umfunge shingo vizuri.

Mdogo wako,
Vinz

*

Kaltegg, 21 Januari

Mdogo wangu,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Mafua yameisha. Baba hajambo, jana alipanda juu ya paa kuondoa theluji, nikamfokea mpaka sauti ikanikauka, akajifanya haelewi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama dada, mara ya pili kama Mkristo. Sasa naijibu.

Silberkar naijua. Nilikwenda na akina mama wa parokia, ule mwaka tuliokusanya fedha za ziada kwenye mnada wa keki. Sisemi uongo, ni pazuri. Kuna ngazi zinazopanda zenyewe. Kile kiti chao cha joto nilikikalia, nikajiona kama mkate ulioko ovenini. Supu ilikuja kwenye bakuli kubwa, yenyewe imejificha chini. Na watu, Vinz! Wengi, wamevaa vizuri, wanateleza vizuri, na hakuna anayemsalimu mwenzake. Nilianguka mbele ya mgahawa wao, chali kabisa, wakanizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Aliyeniinua ni mama Philomena wetu, naye akaanguka juu yangu. Tulicheka hadi machozi, lakini tulicheka sisi wenyewe tu.

Hapa ukianguka, kabla hujasimama mama yako wa ubatizo ameshaarifiwa. Ni kero, najua. Lakini ni mlima unaokujua jina. Lifti yetu inalia, ndiyo. Inalia kwa sababu Baba aliunganisha mashine ya kuvutia nyasi na injini ya trekta, na wewe ulikuwa mtoto mdogo umeshika tochi huku ukipiga miayo. Kila asubuhi nikiisikia inaanza kulia najua siku imefunguka. Mwambie Hemma hivyo. Mwambie pia kwamba Shangazi anajua kutengeneza pale pa kuruka kwa koleo, na mwaka juzi wavulana wa Unterrainer waliruka hapo wakatua kwenye mti.

Ubaya gani mwenge ukienda kwa Ignaz, unauliza. Ubaya ni kwamba Baba atasimama uwanjani na kuangalia. Miaka yote hajawahi kuuangalia kutoka chini, yeye alikuwa ndio mwenge wenyewe. Nataka siku atakapoangalia aone wa kwake. Basi, hilo tu. Ignaz ameshaanza kufanya mazoezi. Namwona jioni akishuka ameshika ufagio.

Sikushawishi.

Dada yako,
Burga

*

Linz, 29 Januari

Dada Burga,

Salamu za heri kwenu nyote. Sisi wazima.

Tumeamua. Tunakwenda Silberkar, tumeshalipia. Mwambie Baba kazini wamebana, siku nyingine hazipatikani. Ignaz aongoze.

Samahani kwa barua fupi, zamu inaanza.

Vinz

*

Kaltegg, 3 Februari

Vinzenz,

Tumsifu Yesu Kristo. Tu wazima.

Jana ilikuwa sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Padri alibariki mishumaa, kisha mienge, kama kila mwaka. Baba alitangulia mbele ya altare na mwenge mkubwa. Padri akauliza kwa sauti, kama desturi, "Nani ataushika?" Ignaz akajikohoza. Baba akasema, "Bado." Neno hilo moja tu. Padri akaubariki hivyo hivyo, bila jina, halafu Baba akarudi kukaa na mwenge katikati ya magoti kama mzee aliyeshika mwavuli na mvua haipo.

Habari za kazini kukubana nimempa kama ulivyoniagiza. Wewe hujui kudanganya, na mimi sijui kubeba uongo wa mtu. Barua zako zote huishia "mdogo wako". Hii haikuishia hivyo, nami nimeliona.

Siombi. Nyumba yetu haijazoea kuomba. Nauliza tu, kama mtu aliyekunawisha uso ukiwa mdogo: kuna nini? Ni mimi? Nimekuudhi na Silberkar yangu? Kama nimesema vibaya juu ya supu yao, nafuta.

Nimekuwekea nia kwenye Misa ya Ijumaa. Padri hakuuliza ni nia gani, maana sikuijua kuitaja.

Dada yako, hata hivyo,
Burga

*

Linz, 8 Februari

Dada yangu,

Sijui kuanza kwa salamu leo, niwie radhi. Gudrun na Hemma wazima. Mimi ndiye si mzima.

Oktoba nilianguka. Ingekuwa mlimani ningekwambia siku ile ile, kwa madaha. Nilianguka kutoka kwenye kiti cha jikoni, nikibadilisha balbu. Mtoto wa Korbinian Kasbacher, aliyeshuka Kaltegg kabla hajajua kusoma, ameangushwa na kiti. Goti likapinduka. Wameliwekea chuma. Natembea kwa gongo nikiwa barabarani, ndani ya nyumba nashika ukuta. Tramu naendesha, maana pale nimekaa. Lakini daktari amesema kuteleza basi, nisahau. Nilimuuliza, "Hata mteremko wa watoto?" Akasema, "Hata wa watoto."

Sikukwambia kwa sababu ungemwambia Baba. Najua ungemwambia, huna kifua cha kufichia kitu, na ndiyo maana nakupenda. Krismasi nikasema hatuji, tuna zamu nyingi. Uongo ule ulinishinda kuumeza kuliko bata wa sikukuu.

Sasa umeelewa Silberkar. Kule hakuna anayenijua. Nitakaa barazani na kahawa, miguu juu ya kiti, watu wafikiri ni bwana anayejipumzisha. Hapo nyumbani kila dirisha lingefunguka. "Yule si Vinz? Mbona anachechemea? Mbona hapandi?" Na Baba angeniangalia. Hangesema kitu. Angeniangalia tu, halafu angetazama mlima.

Wewe ulinifundisha kuteleza, Burga. Ulikuwa unateleza kinyumenyume mbele yangu, umenishika mikono. Nashindwa kuja kukuonyesha nilivyo sasa.

Ignaz aongoze. Usiniandikie tena habari za mwenge, tafadhali.

Mdogo wako,
Vinz

*

Kaltegg, 12 Februari

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Mungu akubariki na goti lako. Barua nimeisomea zizini ili nilie na ng'ombe. Baba akanikuta. Akauliza, "Nani amekufa?" Nikasema, "Hakuna. Ni goti." Ukinikasirikia una haki. Umesema mwenyewe sina kifua.

Nikamweleza yote mezani. Alikoroga supu mpaka ikapoa. Halafu akauliza, "Kiti cha jikoni?" Nikasema ndiyo. "Cha mbao au cha chuma?" Nikasema sijui. Akasema, "Ni vile vya chuma alivyonunua Gudrun. Niliwaambia." Akavaa buti, akatoka. Nikadhani ametoka kukukasirikia huko nje.

Alikuwa ghalani. Nimesikia msasa mchana kutwa. Jioni akaniita. Alikuwa ameishusha ile sleji ya pembe mbili, kigari cha theluji kisicho na magurudumu, ya babu, waliyokuwa wakiteremshia nyasi kavu, ameipangusa, ameipaka nta chini. Bado anaisugua huku anazungumza nayo, si nami.

"Nani amesema lazima ashike Vinz?"

"Baba, wewe. Ulisema mtoto wangu."

"Nina watoto wawili."

"Baba, mimi ni wa nyuma."

Akasimama wima, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye nimeanguka kutoka kwenye kiti. "Ndiyo maana! Mwaka jana kijiji kizima kiliingia kwenye samadi. Nani hakuingia?"

Vinz, nimekuwa nikijiona mzee, na miguu hii mizito, na makalio haya ambayo Silberkar waliyachoma. Nikaona haya kama mwali. Hakuna mwanamke aliyewahi kutangulia. Ignaz alipopata habari alikuja mpaka mlangoni: "Korbinian, kweli? Burga?" Baba akamwambia, "Kaa nyuma yake, Ignaz, na usimkanyage." Akamfungia mlango. Usidhani siogopi. Lakini nimesema ndiyo, tena nimeisema kwa sauti.

Sasa sikiliza. Taa nyekundu haina mtu. Mfunga mstari hata kuteleza halazimiki. Kabla yangu shangazi yetu Rosina alishuka kwa sleji hiyo hiyo, utakuwa umesahau, ili apate pa kuwapakia walioanguka. Anachotakiwa ni kukubali kubaki juu mpaka wote wameshaondoka. Goti haliulizwi.

Sikuombi. Baba naye hakuombi. Anaisugua tu. Leo ameanza kufunga mto wa manyoya mahali pa kukalia, na mtu mwenye magoti mazima hahitaji mto.

Madirisha yatafunguka, ndiyo. Yaache yafunguke.

Dada yako,
Burga

*

Linz, 27 Februari

Dada yangu Burga,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumefika salama, barabara ilikuwa safi. Gudrun ameweka soseji zako kwenye friji na kila anayepita anakata kipande. Goti linaniuma kwa heshima. Na wewe? Sauti imerudi? Ulivyopiga kelele Jumamosi ile, nadhani Silberkar walisikia.

Barua yako ya mwisho niliijibu kwa gari badala ya karatasi, kwa hiyo kuna mambo sijakueleza, na mezani kwenu hakuna anayepewa nafasi ya kumaliza sentensi.

Hemma ndiye aliyeamua. Niliiacha barua mezani, akaisoma, mtoto asiye na adabu. Akaja akasimama mbele yangu: "Baba, utashuka kwa sleji? Na taa nyekundu?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Silberkar kila mtu ameenda. Hii sina rafiki hata mmoja mwenye nayo." Gudrun akapiga simu Silberkar kufuta. Wakamuuliza sababu. Akasema, "Mume wangu ameitwa kazini, mlimani." Alivyolitamka, Burga, nilivuta tumbo ndani.

Nisikufiche, pale uwanjani kwenu niliposhuka garini na gongo, nilitamani kurudi. Madirisha yalifunguka kweli. Mama Philomena alipiga ukelele kutoka ghorofani: "Vinz! Umekuwaje?" Nikajibu kwa sauti, "Nimeanguka kutoka kwenye kiti!" Kijiji kizima kikacheka, na ikawa imekwisha. Miezi yote ile nilikuwa nimeficha kitu kilichochukua pumzi moja kukisema.

Sasa nikwambie usichokiona wewe, kwa kuwa safari hii ulikuwa mbele.

Mlipomaliza Baba Yetu pale kwenye msalaba wa kileleni, mvuke wa midomo ukiwa bado hewani, ukainua mwenge na kuondoka. Hukugeuka. Ignaz akafuata, kisha wengine, nyumba kwa nyumba. Mimi na Hemma tukabaki juu, yeye mbele kwenye sleji, buti zake mbili ndizo breki, mimi nyuma na taa. Wote walipokwisha kukawa kimya. Na chini yetu nikaona mstari mzima. Sijawahi kuuona, Burga. Siku zote nilikuwa ndani yake, naona mgongo wa mtu mmoja na cheche. Kumbe ukiwa wa mwisho unauona wote, unavyokata na kujikunja, na ule moto mkubwa mbele kabisa, mdogo kama punje, unaamua njia. Hiki ndicho ulichokuwa ukikiangalia miaka yote hii, na wala hukuwahi kutuambia. Sisi tulikuwa tunakuonea huruma kwa kuwa nyuma.

Moto wako ulipofika kwenye banda la nyasi kavu nilishika pumzi. Ukakata kulia. Safi, kama kisu kwenye siagi. Na mstari wote ukakata kulia nyuma yako, ila mmoja. Ignaz tulimkuta kwenye uzio wake mwenyewe, mwenge umezimika, amekaa. Hemma akamuuliza, "Mzee, twende?" Akapanda, akakaa katikati yetu. Njia nzima alikuwa akisema theluji pale ilikuwa imehama. Mimi ni mfunga mstari, kazi yangu ni kuokota.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni hiki. Gudrun alikuwa uwanjani kando ya Baba. Anasema alisimama mikono nyuma, akiangalia juu tangu moto wa kwanza ulipotokea. Ulipopita banda, Padri akamsogelea akamwambia, "Korbinian, anashuka vizuri." Baba akasema, "Ni wangu." Padri akaitikia kwa kichwa akidhani amemaliza. Baba akamshika mkono wa kanzu, akamwonyesha juu, mbali, kwenye giza ambako kulikuwa na nukta nyekundu peke yake, inakuja polepole.

"Na ile kule pia," akasema. "Ile pia ni yangu."

Hemma anauliza kama mwaka kesho ataruhusiwa kuishika taa na mimi nikanyage breki. Nimemwambia hilo ni la Shangazi kuamua, siku hizi ndiye anayetangulia.

Mdogo wako, wa mwisho kwenye mstari,
Vinz